Kiambaza Kipya cha Mtanda

Mtanda, Lindi
4 Februari 2025

Ndugu Sipriani Nandonde,

Asalaam aleikum. Hunijui, nami sikujui. Anwani yako ya barua pepe nimeitoa chini kabisa ya mwongozo wa programu yako, Kiambaza, pale ulipoandika kwamba mwenye swali asione haya kuuliza. Sijui uliandika hayo lini, wala kama anwani bado ni yako. Naandika hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Nilianza enzi za taipureta, nikaingia kwenye kompyuta, na kwa miaka kadhaa sasa natumia hicho Kiambaza chako kusimamia madirisha kwenye skrini. Nina madirisha matatu: la maandishi, la sauti, na la kamusi ya Kimwera ninayoikusanya mwenyewe. Kiambaza huyapanga yasipandiane, nami nahama kutoka moja hadi jingine kwa kibodi tu, bila kipanya. Chini ya meza nina pedali, kama ya cherehani. Nikikanyaga, sauti inaongea. Nikiachia, inanyamaza.

Kompyuta yangu ya zamani imekufa na ofisi imeniletea mpya. Kila kitu kinang'aa, ila Kiambaza hakiwaki. Fundi wa hapa mjini aliniambia mfumo wa kuchora skrini umebadilika. Ule wa zamani, X, haumo tena, na uliopo sasa unaitwa Wayland. Akaniwekea msimamizi mwingine wa madirisha, mzuri wa sura, anayetaka kipanya kwa kila jambo. Pedali nayo imechanganyikiwa. Nikiikanyaga huku naandika, sauti haianzi, bali herufi b inaingia katikati ya sentensi yangu.

Sikuombi tu unitengenezee. Nataka kwanza kuelewa. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi vizuri namna ile kimeondolewa kwa sababu gani?

Wako,
Fauzia Likwata


12 Februari 2025

Ndugu Fauzia,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Kiambaza nilikiandika nikiwa chuoni, na nilikuwa nikiamini kwamba mtumiaji wake ni mimi peke yangu, tena niliyekwisha kuacha.

Umeuliza sababu. Mfumo wa X ulikuwa kama ukumbi mmoja mpana usio na kuta. Programu zote zilikaa humo, na yeyote aliweza kusikia kila herufi unayobonyeza na kuona kila kilichochorwa. Msimamizi wa madirisha alikuwa mpangaji kama wengine, ila amepewa ruhusa ya kuhamisha viti. Ndiyo maana pedali yako ilifanya kazi: ilituma herufi ukumbini, programu ya sauti ikaisikia hata kama haikuwa mbele.

Wayland imejenga vyumba. Herufi inakwenda kwenye dirisha lililo mbele tu, na majirani hawaisikii. Anayechora skrini, anayepokea kibodi na anayepanga madirisha wamekuwa mtu mmoja. Programu za zamani zimewekewa chumba cha wageni ili ziendelee kuishi, ila msimamizi wa zamani hawezi kusimamia nyumba akiwa katika chumba cha wageni. Kiambaza hakiumwi. Kimekosa pa kusimama.

Kukiandika upya ni kazi kubwa, na shughuli zangu ni nyingi. Ushauri wangu ni utumie kipanya. Bofya dirisha la sauti, isikilize, rudi kwenye maandishi. Ni jambo la kuzoea.

Wako,
Sipriani Nandonde


Mtanda
13 Februari 2025

Ndugu Sipriani,

Ahsante kwa maelezo. Kipanya sikitaki.

Ila kuna neno katika barua yako limenikaa kooni tangu jana. Unasema katika ukumbi ule yeyote aliweza kusikia kila herufi ninayobonyeza. Ina maana miaka yote hiyo, nilipokuwa naandika kwenye dirisha hili, programu iliyokuwa kwenye dirisha lile iliweza kunisikiliza? Hata kama ni mchezo wa karata tu? Na mimi nisijue?

Naomba unijibu hili hata kama hutaki kuandika Kiambaza upya.

Fauzia


20 Februari 2025

Ndugu Fauzia,

Ndiyo, iliweza. Kuweza si kufanya, na sina sababu ya kudhani kwamba kuna iliyofanya. Lakini iliweza, na hapakuwa na namna ya wewe kujua.

Swali lako limenifanya nirudi kusoma mambo niliyoyaacha siku nyingi. Nimekuta kuna watu wamejenga nyumba ya Wayland na kuacha nafasi makusudi. Wao wanachora skrini na kupokea kibodi, kisha wanamwachia mtu mwingine aamue madirisha yakae vipi. Yaani wameweka kiti cha msimamizi na kukiacha wazi. Kiambaza hakihitaji kuwa nyumba nzima. Kinahitaji kujifunza lugha mpya ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Nimeanza kujaribu. Siahidi kitu. Ili nijue ninachokitengeneza, nitumie picha ya skrini yako ukiwa kazini, na sauti moja kati ya hizo unazoziandika, ndefu ya kutosha.

Sipriani


Mtanda
9 Machi 2025

Ndugu Sipriani,

Ramadhani njema, kama unafunga. Kama hufungi, basi nakutakia heri.

Picha nimekutumia. Utaona madirisha ni matupu, nimeyafuta kabla ya kupiga. Sauti sitakutumia.

Kiambaza ulichonitumia wiki iliyopita nimekiweka kwa msaada wa yule fundi. Kilipowaka nilikaa nikakitazama tu. Madirisha matatu yalisimama pale pale yalipozoea kusimama, kamusi nyembamba upande wa chini, kama vile hakuna aliyekufa.

Sasa makosa. Pedali inaanzisha sauti hata nikiwa kwenye maandishi, na hakuna b inayoingia. Umefanyaje? Lakini nikiachia, sauti haikomi. Inaendelea kuongea peke yake mpaka nikanyage tena. Hili ungeliona mara moja ungekijaribu wewe mwenyewe kabla ya kunitumia. Pili, amri za kuhama madirisha umezihamishia vitufe vya kulia. Zirudishe kushoto zilikokuwa.

Fauzia


15 Machi 2025

Ndugu Fauzia,

Umeuliza nimefanyaje. Pedali haimtumii herufi mtu yeyote tena. Mwenye nyumba akisikia imekanyagwa, anamwambia Kiambaza peke yake, naye Kiambaza anakwenda kumgusa bega mwenye sauti: anza. Dirisha la maandishi halijui hata kama una mguu.

Mengine nitasema waziwazi. Unanipa amri bila sababu. Kipanya hutaki, kulia hutaki, sauti hutaki kutuma. Amri nilizipeleka kulia kwa sababu kushoto kuna vitufe ambavyo nyumba mpya inavitumia kwa mambo yake, na kuzirudisha ni kubomoa nilichojenga. Ni kama kumjengea mtu nyumba huku amekukataza kuuliza ana watoto wangapi. Kama huniamini, niambie, nijue.

Sipriani


Mtanda
16 Machi 2025

Ndugu Sipriani,

Una haki ya kukasirika. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, na nimeona sababu za kukunyima majibu hazikuhusu wewe.

Mkono wangu wa kulia haufanyi kazi. Nilipata kiharusi miaka sita iliyopita. Nilirudi kutembea na nilirudi kuongea, lakini vidole vya kulia havikurudi. Naandika kwa kushoto, na mguu ndio mkono wangu wa pili. Kabla ya kukipata Kiambaza walinipa binti wa kunishikia kipanya. Alikuwa mtoto mwema. Nilimwambia bofya hapa, sogeza pale, kutwa nzima, na jioni nilihisi kama nimelishwa kwa kijiko. Siku nilipokaa peke yangu mezani na kuandika ukurasa mzima, nilifunga mlango nikalia. Sikupenda kukuandikia haya kwa sababu watu wakishajua, wanaanza kunisemesha polepole.

Kuhusu sauti. Ni mafundisho ya unyago. Akina mama wazee wa Sudi na wa vijiji vya huku nyuma, makungwi, walikubali kurekodiwa kwa sababu wasichana siku hizi wanachezwa kwa siku mbili tu, likizo ya shule ikiruhusu, na maneno mengi yanabaki vifuani mwa wazee na kuzikwa nao. Walikubali kwa sharti moja: mwanamume asiyasikie wala asiyasome. Mimi ndiye niliyeapa. Sasa unaelewa kwa nini nilipojua habari za ule ukumbi usio na kuta sikuweza kula vizuri.

Nimekujibu yote. Nami nina langu. Barua zako hazina mahali. Zina tarehe na jina, mahali hapana. Na ninaendelea kujiuliza kwa nini hukijaribu unachonitumia.

Fauzia


Kikole, Kilwa
24 Machi 2025

Shikamoo dada Fauzia,

Ningejua mapema kwamba wewe ni mkubwa wangu na kwamba umepitia hayo yote, nisingekuandikia kwa ukali ule. Uliniambia enzi za taipureta tangu barua ya kwanza, mimi ndiye niliyesoma haraka haraka. Niwie radhi.

Mahali ndiyo hapo juu. Familia yetu ilihama kutoka Newala baba alipopata shamba huku Kikole. Mimi nilikuwa Dar, kampuni niliyofanyia kazi ikafungwa, baba naye mgongo ukamgomea, nikarudi kulima ufuta. Nikisema hivyo kwa watu niliosoma nao, wananionea huruma, kwa hiyo nimeacha kusema. Ufuta wenyewe naupenda. Kinachonikera ni ile huruma.

Sijaribu kwa sababu siwezi. Laptopu yangu ni kuukuu, chipu yake ya picha haiwezi kuubeba mfumo mpya. Naandika msimbo nyumbani, naukagua kwa akili, kisha natembea mpaka ghala la ushirika ambako mtandao unashika, nakutumia. Dada, Kiambaza kipya sijawahi kukiona. Ninachokijua ni kile unachoniandikia wewe. Uliposema madirisha yalisimama pale pale yalipozoea, niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama nje ya ghala, nikarudi nyumbani bila kukumbuka kununua mafuta niliyotumwa.

Amri nimezirudisha kushoto. Nilipojua sababu, niliona njia ambayo kabla sikuwa na haja ya kuitafuta. Pedali bado. Nadhani mwenye nyumba anatangaza kukanyagwa bila kutangaza kuachiwa, ila nabahatisha. Hapa ndipo ningehitaji macho yangu mwenyewe.

Sipriani


Mtanda
8 Aprili 2025

Mdogo wangu Sipriani,

Marahaba, na Idi imepita salama.

Amri za kushoto ni sawasawa kabisa. Pedali bado inaongea peke yake. Nimefikiri, nikaona jambo ni moja tu: uje ukae mbele ya mashine. Lakini mashine hii ndiyo yenye sauti za watu, na haikuwa haki niamue peke yangu. Kwa hiyo nilikwenda Sudi kwa Bi Shamimu, ambaye ndiye mkubwa wa makungwi wale.

Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza huku anachambua dagaa. Akauliza wewe ni mtoto wa nani, umeoa, unalima nini. Nikasema ufuta. Akauliza kwa nini mtu wa ufuta anahangaika na mashine ya mtu asiyemjua. Nikasema nadhani anapenda kujua vitu vinafanyaje kazi kwa ndani. Akacheka, akasema basi huyo ana ugonjwa kama wako.

Masharti yake ni haya. Uje mchana. Sauti zote nizitoe kwenye mashine, niziweke kwenye flashi, nizifungie kwake. Na yeye mwenyewe akae chumbani mpaka umalize. Ukiweza, njoo baada ya mvua kupungua. Shemeji yangu Huseni atakulaza kwake.

Dada yako,
Fauzia


Kikole
19 Mei 2025

Shikamoo dada,

Nimefika nyumbani salama kutoka Mtanda. Ufuta umekauka vizuri na tumeanza kuukata.

Nashukuru kwa wali na kwa subira. Nataka kuandika tulichokiona kabla sijasahau. Mwenye nyumba alikuwa anatangaza kuachiwa kama kawaida. Kosa lilikuwa langu. Pedali yako inarudiarudia herufi muda wote inapokanyagwa, na Kiambaza kilihesabu kila marudio kama kukanyagwa upya, kwa hiyo kuachiwa kulipofika kulikuta foleni ya amri za kuanza. Nisingeligundua hilo nikiwa Kikole hata kwa mwaka mzima. Nililiona kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza natazama mguu wako.

Na nilipenda ile sauti ya majaribio. Tulipomwomba Bi Shamimu aseme chochote kisicho siri ili turekodi, sikutegemea atatoa hotuba nzima ya namna ya kupika pweza alainike. Ulipokanyaga ukaachia, na pweza akanyamaza katikati ya neno, nilipiga makofi nikiwa chini ya meza.

Lakini kuna jambo linanisumbua, nalo ndilo hasa linalonifanya niandike. Nadhani nimeharibu. Unakumbuka uliposimama kwenda kuchemsha chai, nikabaki na Bi Shamimu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango tangu asubuhi bila kunisemesha, nami nilijua ananilinda. Ghafla akaniuliza, "Hicho ulichokiweka kinafunga nini?"

Nikamweleza habari za ukumbi na vyumba. Nikamwambia Fauzia akiandika hapa, dirisha la jirani halisikii tena.

Akauliza, "Na kisichofungika ni kipi?"

Dada, ningeweza kumjibu kitu cha kumtuliza. Nikamwambia ukweli. Nikasema mtu akiichukua mashine yenyewe, akaijua nywila, atafungua kila kitu. Nikasema faili zilizokaa ndani bado zinaweza kusomwa na programu mbaya ikiingizwa, hilo kuta hizi hazilizuii, linataka kufuli jingine. Nikasema hata mimi niliyekiandika naweza kuwa nimeacha tundu ambalo silijui.

Alichukua mtandio wake, akatoka, hata chai hakuisubiri. Ulipoingia ukauliza yuko wapi, nikasema ametoka tu. Nimebeba jambo hilo njia nzima. Kama amekataa kukurudishia zile sauti kwa sababu ya mdomo wangu, niambie.

Mdogo wako,
Sipriani


Mtanda
2 Juni 2025

Sipriani, mdogo wangu,

Usingizi wako urudi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa kazini, na kazi yenyewe ndiyo jibu lako.

Ulipoondoka, Bi Shamimu alibaki kwao Sudi na zile sauti. Nami niliogopa kama wewe. Nilidhani atatuma mtu kuja kusema basi. Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyowaambia wenzangu wa ofisini. Siku moja baada ya adhuhuri nikasikia hodi, nikafungua, ni yeye, na zile sauti zote zimefungwa kwenye pindo la kanga, jinsi nilivyomkabidhi.

Akakaa. Akaniuliza kama umeniambia mliyozungumza. Nikasema umeniambia. Akasema, "Watu wa mashine wote waliokuja kwangu waliniambia ni salama. Huyu ndiye wa kwanza aliyenionyesha mlango uko wapi." Halafu akataka hilo kufuli jingine ulilolitaja, kwanza kabla ya lolote. Yule fundi wetu alilijua. Amenisaidia kuliweka, na nywila tunaijua mimi na Bi Shamimu tu. Yeye ameitunga kwa Kimwera, na hajui kusoma, kwa hiyo ameihifadhi kwa kuiimba.

Nilidhani kwamba hapo tumemaliza. Nikamwandalia chai. Akaikataa, akanivutia kiti, akaniambia nifunge mlango.

Sipriani, sikuwa najua kwamba kuna kilichobaki. Miaka ile walipokuja kurekodiwa nilihesabu kwamba wametoa yote, kwa kuwa waliniambia tumefika mwisho, na nikaandika mwisho. Kumbe walinipa kile ambacho wangevumilia kikivuja. Mafundisho yenyewe, yale anayopewa mwali mwishoni kabisa, kabla hajatoka unyagoni, walikuwa wamekubaliana kufa nayo. Wenzake wawili wameshakufa nayo. Alibaki yeye.

Aliivua kanga ya kichwani, akaikunja magotini, akakitazama kinasa sauti changu kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkubali. Akasema, "Washa."

Nikawasha.

Hutajua alichosema, na najua hutauliza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba alisema mpaka magharibi ikakaribia, tena kwa maneno ambayo kamusi yangu haina hata moja. Alipomaliza alilala pale pale kwenye mkeka wangu kama mtoto. Na mimi tangu siku ile nakanyaga, naachia, naandika kwa mkono mmoja, na bado sijafika nusu.

Dada yako,
Fauzia